Kutafuta kwa Herufi Chache

Katika masjala niliyoanzia kazi ya ukarani mjini Unguja, majalada yalipangwa kwa namba, na namba zenyewe ziliandikwa katika daftari moja kubwa la gamba gumu ambalo halikuondoka mezani pa mkuu wa masjala, seuze kutoka nje ya mlango. Kwa mujibu wa taratibu, mwenye kuhitaji jalada alipaswa kuleta kikaratasi chenye kumbukumbu namba iliyo kamili. Walakini katika muda wote niliokaa pale sikumbuki kumwona mkubwa hata mmoja aliyeleta namba isiyopungua kitu. Walikuja na nusu ya habari. Mmoja alisimama dirishani akasema, "Lile la ndugu wawili wa Makunduchi, waliogombea minazi," na mwingine, "Barua ya Mzee Khamis, au huenda ni Hamadi, ile iliyokuja kabla ya Ramadhani." Mkuu wetu, ambaye sote tukimwita Maalim, alinyamaza kidogo, akauliza swali moja, kisha akaenda kwenye rafu bila ya kusitasita na kurudi na jalada lenyewe, huku akilipangusa vumbi kwa kiganja. Elimu hiyo hakuiandika popote, wala hapakuwa na aliyemwomba aiandike. Na siku alipostaafu aliondoka nayo, daftari likabaki, nasi tukawa hatuna budi kuwadai watu namba kamili kama taratibu zilivyotaka tangu awali.

Kompyuta zilipoingia ofisini zilikuja na ukali uliozidi huo. Mfumo wa DOS, uliotawala mashine za zama zile, haukuruhusu jina la faili kupita herufi nane, na nyingine tatu baada ya nukta. Kwa hiyo shauri zima la ndugu wawili, na minazi yao, na kijiji chao, na mwaka wa ugomvi wao, lilibanwa hata likawa MKNMNZ03.DOC. Kila karani alikuwa na namna yake ya kufupisha, na aghalabu baada ya miezi michache yeye mwenyewe hakuweza kuusoma ufupisho wake. Mwaka 1995 Windows 95 iliondoa kizuizi hicho, mtu akaweza kulipa faili jina refu lenye nafasi baina ya maneno; lakini mkono uliozoea kubana haukunjuki kwa siku moja, nasi tuliendelea kwa miaka mingi kuandika majina mafupi, kana kwamba herufi zinauzwa kwa ratili.

Nilipostaafu nami nilijikuta katika kazi inayofanana na ile ya kwanza, isipokuwa haina mshahara. Jamaa na majirani waliniletea hati zao za zamani, nyaraka za wakfu, mirathi, mauzo ya mashamba, barua zilizotoka Maskati na Mombasa, ili nizinakili kwa kompyuta kabla mchwa hawajazimaliza, na nakala hizo zikawa maelfu. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, haiwezi tena kubeba Windows mpya, na mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mambo haya, akaifuta yote akaweka Linux ya Debian, akanifundisha kuiamuru kwa maandishi badala ya kubofya picha. Kinyume cha alivyohofia, sikuchukizwa. Aliyeishi kwa kuandika hapati taabu akiambiwa aandike.

Taabu ilikuwa katika kutafuta. Amri ya `grep`, ambayo Ken Thompson aliitunga katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nduguye `find`, ni watumishi waaminifu mno, nao huleta kile ulichokitaja, wala hawazidishi. Ukiandika `find . -iname '*khamis*'` utapewa kila faili lenye Khamis, na Hamisi hutaonyeshwa hata kama ndiye mtu yule yule, mwenye baba yule yule, katika mirathi ile ile. Na hapa pwani mambo ndivyo yalivyo: Salehe huandikwa Saleh na Swaleh, Athumani huwa Othman na Uthman, ama Muhammad, sijui kama kuna afisa wa vizazi aliyepata kuliandika jina hilo kama mwenzake aliyemtangulia alivyoliandika. Nimenakili hati ya shamba ambamo muuzaji ana mwandiko mmoja mwanzoni, mwandiko mwingine mwishoni, na wa tatu katika sahihi yake mwenyewe. Ni kweli kwamba wajuzi wa `grep` wana alama za kuieleza kila tofauti kwa mkato. Lakini ni lazima kwanza uzijue tofauti zote, na anayezijua zote hana haja kubwa ya kutafuta.

Mpwa wangu alinikuta siku moja nikigombana na mwandiko wa Swaleh.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na bando lako, au umekuja kulimaliza langu?"

"Ninachochukua ni kidogo, mjomba. Toleo la mwisho tu la fzf, programu ya kutafutia. Historia yake naiacha huko huko."

Akaandika `git clone --depth 1 https://github.com/junegunn/fzf.git ~/.fzf`, na akanieleza kuwa maneno `--depth 1` ndiyo yanayookoa bando, kwa sababu yasipokuwapo huteremka pamoja na programu kila badiliko ililopata kufanyiwa tangu ianze. Kisha akaandika `~/.fzf/install`, na mashine ikauliza maswali matatu: je, iwashe ukamilishaji wa maneno, je, iwashe vitufe vya mkato, na je, iongeze mstari wake katika faili la mipangilio. Akajibu ndiyo kwa yote, akafungua dirisha jipya, kazi ikawa imekwisha. Nilimuuliza kwa nini asitumie `apt install fzf`, kama alivyonifundisha kwa kila kitu kingine. Alisema njia hiyo nayo ni sahihi, ila kwenye Debian vitufe vya mkato havijiwashi vyenyewe, na mtu hana budi kuongeza kwa mkono wake, ndani ya `.bashrc`, mstari unaoliita faili la `/usr/share/doc/fzf/examples/key-bindings.bash`. Wengi, kwa maneno yake, huishia kuiweka programu na kudhani haifanyi kitu.

Aliyeitunga ni Junegunn Choi wa Korea Kusini, aliyeitoa mwaka 2013 ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Ruby, na mwaka 2015 akaiandika upya kwa lugha ya Go, ambayo huifanya programu iwe faili moja lisilotegemea jingine, na mbio zake zikaongezeka sana. Haina malipo.

Mpwa wangu akaniambia nibonyeze Ctrl na T. Orodha ya mafaili yangu yote ikafunguka chini ya mstari wa amri, na pembeni yake tarakimu mbili zilizotengwa kwa mkwaju: yale yanayolingana na nilichoandika, na yale yote yaliyopo. "Usiandike jina, mjomba. Andika herufi ulizo na yakini nazo." Nikaandika `slh`, basi. Tarakimu ya kwanza ikaporomoka mbele ya macho yangu kwa kila herufi, na kiooni wakasimama pamoja Salehe, na Saleh, na Swaleh, ambao sikupata kuwaona katika orodha moja. Na Suleiman Haji naye akajipenyeza, kwani ana sin, ana lam, na ha yake anaipata katika jina la babake. Nikaacha nafasi nikaongeza `mkn`, kwa sababu nyumba niliyoitafuta ilikuwa Mkunazini, wakabaki wachache wa kuhesabika kwa jicho. Nikashuka kwa mshale, nikabonyeza Enter, na njia nzima ya faili, folda ndani ya folda, ikajiandika yenyewe kwenye mstari wa amri.

Kanuni yake ni nyepesi kuliko nilivyotazamia. Herufi ulizoandika sharti ziwemo katika jina, na kwa mfuatano ule ule, lakini baina yake panaweza kuingia chochote. Kisha kila jina hupewa alama: huzidishiwa herufi zilizogusana na zile zinazoanza neno, au zinazofuata mkwaju na kistari, na hupunguziwa kwa kila pengo. Hesabu hiyo imekopwa, baada ya kubadilishwa, katika njia waliyoitoa Smith na Waterman mwaka 1981 kwa ajili ya kulinganisha mfuatano wa vipande vya molekuli za viumbe. Kwa hiyo maarifa yaliyobuniwa kuchunguza chembe za uhai ndiyo yanayonitafutia hati za mashamba ya karafuu. Ukiandika kwa herufi ndogo, haijali kubwa wala ndogo. Ukitanguliza alama ya mshangao, kama `!barua`, huyaondoa yenye neno hilo. Na alama ya nukuu moja mbele ya neno huirudisha kwenye ukali wa zamani, ilete neno lile tu lilivyo.

Sisi tuliosoma chuoni jambo hili halikutushangaza sana kwa upande mmoja. Barua za wazee wetu, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, aghalabu hazikuwa na irabu, na msomaji alipewa mim na ha na mim na dal, mengine akayajaza kwa akili yake. Nami hivi sasa ninapoandika `mhmd` napata Muhammad wote, na Mohamed wote, bila ya kujali nani aliandika nini na mwaka gani. Herufi za Kilatini, ambazo zililazimisha kila irabu iandikwe, ndizo zilizotuletea Athumani na Othman na Uthman kuwa watu watatu. Waamerika nao walikutana na adha hiyo mapema, na mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya namna ya kupanga majina kwa sauti, inayozipunguza irabu na kuibakiza herufi ya kwanza. Lakini kwetu isingefaa, maana Khamis angekaa kwenye K na Hamisi kwenye H, wasionane milele, ilhali `hms` huwaita wote wawili.

Vitufe vingine viwili sitavikalia. Alt na C hukuhamisha kwenye folda uliyoichagua. Ctrl na R hufunua amri zote ulizokwisha kuandika, na hapo mtu hutambua jinsi anavyorudia maneno yake. Zamani kitufe hicho hicho kilionyesha amri moja moja, kwa kurudi nyuma, na ukiipita ile uliyoitaka ulikuwa na kazi ya kuirejea. Nimeongeza kiasi cha amri zinazohifadhiwa, kwani bash kwa desturi yake haihifadhi ila 500.

Lakini isidhaniwe kuwa programu hii husamehe kila kosa. Herufi zinazopungua huzivumilia, herufi ya uongo haiivumilii hata moja: ukigeuza mfuatano, au ukaandika ile isiyomo, hupewi kitu. `thmn` huleta Athumani na Othman, wala haimleti Asmani, ambaye kwa watu wa mashamba ni yule yule. Na kuna upungufu ulio mkubwa zaidi, usiotokana nayo: hutafuta katika majina, na jina lisilosema kitu halina cha kutafutwa. Nilikuwa na folda nzima ya mafaili niliyokuja nayo kutoka enzi za DOS, yote ya herufi nane, na mbele ya hayo Choi na hesabu zake hawakuwa na msaada wowote.

Hapo ndipo mwenendo wangu ulipogeuka, na pengine hili ndilo badiliko kubwa kuliko kasi ya kutafuta. Kwa kuwa sasa jina refu halinigharimu kitu, nimeacha kubana. Katika jina la faili jipya naandika mtaa, na mwaka, na aina ya hati, na mtu, na mtu wa pili ikiwa kuna ugomvi. Na folda, ambazo zamani nilizijua kwa ghaibu moja baada ya moja, nimekwisha kuzisahau, nisiweze hata kukuambia hati ya Mkunazini imo katika ipi. Mpwa wangu huona ni fakhari. Mimi huona ni biashara yenye hasara yake, ambayo nimeikubali.

Ama yale ya herufi nane, huyafungua kwa `fzf --preview 'strings {}'`, ambayo kwa kila jina ninalolisimamia huonyesha pembeni maneno yanayosomeka ndani ya faili, ingawa programu iliyoyaandika haipo tena duniani. Nasoma mistari michache, natambua ni shauri gani, kisha katika dirisha la pili naliandikia jina jipya. MKNMNZ03 sasa inaitwa `shauri-minazi-makunduchi-ndugu-wawili`, na majina ya ndugu hao yamefuatia. Na kwa kuwa mmoja wao ni Athumani, nimeandika hapo hapo, kwa vistari, Othman, kisha Asmani.