Msimu wa Nyimbo za Handel Ekalakala

Katika nchi kavu ya Masinga, huko Machakos, neno msimu huwa na maana moja tu kwa watu wengi, nayo ni msimu wa mvua. Mkulima wa Ekalakala huhesabu misimu miwili, masika na vuli, naye hutumainia zaidi vuli, kwa kuwa ndiyo impayo pojo, kunde na mahindi ya kumvusha mwaka. Lakini yuko mzee mmoja huko aliyewafundisha jirani zake kuhesabu msimu wa tatu. Kila mwezi wa Desemba, Jumapili nne mfululizo, kwaya ya kanisa lake dogo la mabati huimba nyimbo za mtunzi mmoja tu, George Frideric Handel.

Mzee huyu alikuwa karani Nairobi miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza kuimba besi. Aliporudi nyumbani kulima hakurudi na mali. Alirudi na sanduku la vitabu vya nyimbo vilivyoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Namna hiyo ya kuandika nyimbo ilienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ili hata maskini asiye na kinanda apate kujifunza uimbaji kwa gharama ndogo, na wamisionari wakaileta Afrika. Kwa hiyo Ekalakala, mahali pasipo na kinanda, hapakukosa kitu.

Hata hivyo mwanzo ulikuwa mgumu. Katika nyimbo za Handel sauti zote haziendi pamoja sikuzote. Moja hutangulia, ya pili huifuata kwa maneno yale yale, kisha ya tatu na ya nne, mpaka zote zikashikamana. Vijana walipotea njia, wakaishia kucheka. Mzee akawauliza, "Mkiwa katika mwethya, mkichimba matuta ya fanya juu, je, wote hufanya kazi ile ile kwa wakati mmoja?"

Wakajibu, "La, Mzee. Huyu huchimba, yule hutupa udongo juu, na mwingine husawazisha."

"Basi Handel naye alikuwa na mwethya wake," akasema. Tangu siku ile kila mmoja alijua kungoja zamu yake.

Ikawa mwaka mmoja mvua za vuli zilikatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Majani yakajikunja, na wenye ng'ombe wakaanza kuwapeleka mbali kutafuta maji. Jioni moja ya mazoezi, mama mmoja wa sauti ya kwanza alisimama akasema, "Mzee, watoto wetu hatujui watakula nini. Tutaimba Haleluya kwa furaha gani? Afadhali nyimbo hizi zingoje mvua." Wengi wakatikisa vichwa kumkubalia. Hapana aliyefikiri kwamba mama yule alisema vibaya.

Mzee hakumkemea. Alifunga kitabu, akawasimulia habari za mtunzi mwenyewe. Handel alizaliwa mjini Halle, Ujerumani, mwaka wa 1685, na baadaye akafanya makao yake London. Alipata sifa kubwa kwa michezo yake ya kuimbwa, kisha mambo yakamgeukia. Watazamaji walipungua, na katika mwaka wa 1737 alipatwa na kiharusi kilichompooza mkono wa kuume kwa muda. Mwezi wa Agosti 1741, akiwa na umri wa miaka 56, alianza kutunga Messiah, kwa maneno ambayo Charles Jennens aliyachagua katika Biblia. Akamaliza kazi hiyo yote kwa siku 24.

Mara ya kwanza iliimbwa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye matao mapana, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Fedha zilizopatikana ziligawanywa kati ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Huko London Handel alikuwa na msimu wake wakati wa Kwaresima, na tangu mwaka wa 1750 Messiah ikaimbwa pia kwa faida ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Macho yake yakapofuka, lakini hakuacha kupiga kinanda mbele ya watu. Alihudhuria Messiah kwa mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 1759, akafariki tarehe 14 ya mwezi huo huo.

"Wimbo huu," mzee akamaliza, "haukuimbwa kwanza ili walioshiba waonyeshe shibe yao. Uliimbwa ili mlango wa gereza ufunguliwe. Sasa nawauliza ninyi, hapa kwetu ni nani aliyefungwa na deni?"

Watu walikaa kimya, kwa maana wengi wao walikuwa na madeni. Mwishowe mama yule yule aliyetaka nyimbo zingoje mvua ndiye aliyenena. Alimtaja mjane mmoja wa upande wa pili wa kijito, ambaye mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada ya shule.

Basi msimu ukaendelea. Jumapili zote nne watu walileta walichokuwa nacho. Mmoja alitoa shilingi chache, mwingine kibaba cha pojo ya mwaka uliopita, mwingine mayai, na mzee mmoja asiyekuwa na desturi ya kuja kanisani alileta jogoo. Jumapili ya nne kwaya ilipofika kwenye Haleluya, watu wote walisimama, nao walioshika wimbo wakaimba pamoja na kwaya.

Mvua haikunyesha usiku ule, wala wiki ile. Deni nalo halikwisha lote. Lakini lilipungua kiasi cha kutosha, na mwezi wa Januari kijana yule alirudi darasani.

Yuko atakayesema kwamba muziki wa Handel ni pambo la watu wa mijini wenye nguo nzuri na viti vya kukodi. Ni kweli kwamba huimbwa kwa fahari. Mwaka wa 1784 watu zaidi ya 500 walikusanyika London kupiga na kuimba kwa kumkumbuka, tena katika kanisa la Westminster Abbey. Lakini hata siku zile fedha ziliwafikia wanamuziki wazee waliokuwa na dhiki. Kwa hiyo wakulima wa Ekalakala hawakuazima kitu cha wengine. Walifanya kazi ile ile ambayo wimbo ulitumwa kufanya tangu siku ya kwanza. Na mtunzi wake, aliyeendelea gizani mpaka mwisho, angeielewa vyema methali yetu isemayo: heri kufa macho kuliko kufa moyo.