Tuliposhuka Daraja

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumweleza mtu yeyote wa nyumbani kwetu Tanga, na leo naliandika kwa kuwa naona umri umenipa ruhusa ya kujicheka. Mwishoni mwa Januari 2016, Coastal Union iliifunga Yanga mabao 2-0 katika Uwanja wa Mkwakwani. Mimi, mzaliwa wa Ngamiani, niliyejua mpira kwa kuitazama Coastal Union, nilitoka uwanjani siku ile nimenuna. Nilikuwa nimevaa fulana ya njano.

Msomaji asiyeujua mpira wa nchi yetu huenda asione ubaya wake. Anayeujua atacheka, kwa sababu naye pengine ni mmoja wetu. Tanzania mtu huzaliwa Mbeya, Songea, Mwanza au Tanga, akaipenda timu ya mji wake, lakini tangu utotoni huwa ameshapewa nyingine kubwa zaidi, Simba au Yanga, kama vile mtoto anavyopewa dini ya wazazi wake. Timu ya mji ni mke wa nyumbani. Simba na Yanga ni harusi. Zinapokuja mkoani, uwanja hufurika, na nusu ya waliofurika ni wenyeji waliokuja kumshangilia mgeni. Mimi nilikuwa katika nusu hiyo, na sikuona haya.

Aliyenipeleka Mkwakwani kwa mara ya kwanza ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa akifanya kazi reli. Yeye hakuwa na Simba wala Yanga. Alikuwa na Coastal Union basi, timu iliyoanzishwa mwaka 1948, na aliwaita wachezaji wake "Wagosi" kwa sauti ile ile aliyowaitia wazee wa ukoo. Jumamosi alioga mapema, akavaa shati jeupe, akaninunulia mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukaingia. Mwaka 1988, nilipokuwa na miaka kumi, Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Mechi zenyewe sizikumbuki sawasawa. Ninachokumbuka ni Mjomba akipita Barabara hii na ile ya Ngamiani, akiwasalimu mashabiki wa African Sports mmoja mmoja, kwa adabu nyingi mno, hata ikawa matusi.

Siku hizo ligi kubwa ya nchi ikiitwa Ligi Daraja la Kwanza. Nalitaja jina hilo kwa sababu baadaye iliundwa Ligi Kuu ikawekwa juu yake, na lile jina la heshima likabaki kwa ligi ya pili. Hivyo daraja ambalo mwaka 1988 tulikuwa mabingwa wake ndilo ambalo mwaka 2016 tulilia kwa kupelekwa huko. Maneno hayakubadilika; sisi ndio tuliobadilika mahali.

Naam, Mei 2016 ikafika. Ligi Kuu ilikuwa na timu 16, na tatu za mwisho zilipaswa kushuka. Zilishuka Coastal Union, African Sports na JKT Mgambo. Soma tena majina hayo, ndugu msomaji. Zote tatu ni za Mkoa wa Tanga. Mkoa ulioanza msimu ukiwa na timu tatu, wengi kuliko mikoa mingi, ulimaliza bila hata moja. African Sports, klabu ya tangu mwaka 1936, ilikuwa imerejea Ligi Kuu msimu ule ule baada ya miaka mingi ya kusota. Ilikaa kama mgeni aliyeonjeshwa chai akaondoka kabla ya chakula. Na Coastal Union, iliyoifunga Yanga mwezi Januari na kuitoa Simba katika Kombe la Shirikisho mwezi Aprili, ilishuka vile vile. Timu iliyowashinda wakubwa wote wawili haikuweza kuwashinda wadogo wenzake mara za kutosha. Ligi haihesabu umemfunga nani, inahesabu pointi.

Taarifa ilinikuta Dar es Salaam, kazini. Wenzangu walinitania siku nzima. Mmoja aliniuliza kama Tanga kuna nini siku hizi zaidi ya machungwa, nami nikamjibu kwamba machungwa yenyewe ni ya Muheza. Tulicheka. Jioni, peke yangu ndani ya daladala, nilizikumbuka pointi tatu za Januari. Zilikuwa pointi tatu zilizokuwa zikihitajika kuliko mvua, na mimi siku ile nilikuwa nimeomba zisipatikane.

Watu wa Tanga wanajua kushuka hata nje ya mpira. Katika miaka ya sitini ya karne iliyopita, Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipitia bandari ya mji wetu. Kisha bei ya dunia ikaanguka, kamba za plastiki zikaingia, mashamba yakadhoofika, viwanda vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Mjomba aliyaona yote hayo kutoka relini: mabehewa yakipungua, kisha wenzake wakipungua. Mji ulipokosa mambo mengine ya kujivunia, mpira ulibeba mzigo ambao si wake. Ndiyo maana Mei ile watu wazima walikaa kwenye mabaraza ya kahawa wakizungumza kwa sauti ya chini kama walio matangani.

Lakini msiba una siku zake, halafu kunakuja hesabu. Timu ikishuka, kwanza inapoteza fungu lake la fedha za udhamini na za matangazo ya televisheni za Ligi Kuu. Pili, wachezaji wazuri huondoka; hata anayeipenda klabu kwa moyo wote ana mama anayengoja fedha za matumizi mwisho wa mwezi. Tatu, mechi zenyewe hupungua. Ligi Kuu ya timu 16 iliwapa wenyeji mechi 15 uwanjani kwao. Daraja la Kwanza la wakati ule lilichezwa kwa makundi matatu ya timu nane nane, kwa hiyo mechi za nyumbani zilikuwa saba tu. Na nne, ambalo ndilo kubwa, Simba na Yanga haziji tena. Siku mbili hizo za mwaka ndizo zilizojaza sanduku la mlangoni, nyumba za wageni, mabasi, na vikapu vya akina mama wanaouza vyakula nje ya ukuta.

Nchini Uingereza mambo yana mto wa kuangukia. Mwaka ule ule wa 2016, Aston Villa, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1982, nayo ilishuka. Kule klabu inayoshuka huendelea kupewa fungu la fedha za televisheni kwa muda wa hadi miaka mitatu, isije ikavunjika kwa kishindo. Villa ilirudi mwaka 2019. Leicester City, waliotwaa ubingwa mwaka huo huo ulimwengu ukashangaa, walishuka mwaka 2023. Kwa hiyo kushuka si aibu ya maskini peke yao. Tofauti ni kwamba wao huanguka juu ya godoro, sisi tunaanguka juu ya sakafu.

Mwaka 2017 nilikwenda Tanga kumjulia hali Mjomba. Nilimkuta ameshaoga, amevaa shati jeupe.

"Shikamoo, Mjomba. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Kuna siku ya mpira nimewahi kwenda mahali pengine?"

Nikaona haya kumwambia kwamba sikujua kama kuna mechi. Tulikwenda pamoja kwa miguu, polepole, kwa kuwa goti lilikuwa likimsumbua. Kiingilio kilikuwa kidogo. Hakukuwa na foleni. Ndani, watu walikaa mbalimbali kama nguo zilizoanikwa, na ukimya ulikuwa mkubwa hata nikamsikia kipa akimwita beki wake kwa jina. Nilikuwa sijawahi kumsikia kipa Mkwakwani. Uwanjani walikuwamo vijana wadogo ambao sikumjua hata mmoja wao. Mjomba aliwajua wote, na wa mtaa gani, na yupi bado anadaiwa ada ya shule.

Nje tulikuwa tumempita mama muuza mihogo. Nilimuuliza biashara ikoje. Alisema zamani, wakija wale wakubwa, alikuwa akikaanga madebe matatu na mwanawe akimsaidia. Sasa anakaanga kidogo tu na mtoto amemwacha nyumbani. Hakulalamika. Alinifungia mihogo katika kipande cha gazeti, akaniongezea kimoja.

Kipindi cha pili, bila ya kunitazama, Mjomba akasema, "Siku ile ya Yanga nilikuona."

Nilinyamaza.

"Njano inaonekana mbali, mpwa wangu. Nilikuwa upande wa pili. Nikamwambia mwenzangu, yule kule ni mtoto wa dada yangu, atakuwa ameazima fulana."

Alicheka, nami nikajaribu kucheka. Kama angenigombeza ningejitetea. Ningesema kila mtu ana haki ya kuchagua timu, na kwamba mpira ni burudani tu. Hakunigombeza. Alinitafutia udhuru mbele ya rafiki yake, na udhuru huo ndio ulioniuma. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiwalaumu viongozi, makocha, waamuzi na wachezaji kwa kuishusha timu yetu. Sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe nilifika uwanjani mara ngapi siku ambazo mgeni hakuwa Simba wala Yanga. Jibu nalijua. Kwa miaka yote ile tangu Coastal Union iliporudi Ligi Kuu mwaka 2011, nilifika siku nilizotaka kuiona ikifungwa.

Sisemi kwamba timu ilishuka kwa sababu yangu. Hayo yangekuwa majivuno. Timu hushuka kwa sababu ya mabao isiyofunga na mishahara isiyolipwa kwa wakati, kwa usajili mbovu na kwa bahati mbaya. Ninachosema ni kwamba kushuka daraja hupima vitu viwili. Mwezi Mei hupima timu. Baada ya hapo hupima mashabiki, taratibu, wiki hadi wiki, katika mechi ambazo hazitangazwi. Katika kipimo hicho cha pili Mjomba alibaki daraja lake la juu, na mimi nilikuwa nimeshuka zamani bila ya kuonekana katika msimamo wowote.

Coastal Union ilipanda tena, ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Simba na Yanga zikaanza kuja Mkwakwani kama zamani, na vikapu vya mihogo vikajaa. Julai 2022 timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, Arusha, dhidi ya nani kama si Yanga. Nilisafiri kutoka Dar es Salaam, si kwenda Arusha bali Tanga, nikakaa na Mjomba sebuleni mbele ya televisheni. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo nilimsimulia. Abdul Suleiman, yule wanayemwita Sopu, alifunga mabao matatu peke yake. Kila alipofunga Mjomba alinishika mkono na kuuliza, "Kweli?" nami nikamwambia, "Kweli." Mpira ukaisha 3-3. Kwa penalti Yanga ikashinda 4-1. Muda si mrefu Sopu akasajiliwa na Azam, kama ilivyo desturi; mtoto akikua mjini kwetu huenda Dar es Salaam, nami sina haki ya kumsema.

Usiku ule nililala kwa huzuni, na katikati ya huzuni nikagundua kwamba nilikuwa nimefarijika. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu Yanga ilikuwa imeshinda kombe na mimi sikufurahi hata kidogo.

Asubuhi Mjomba aliniuliza kama ile fulana ya njano bado ninayo. Nilimwambia ukweli, kwamba ipo, sandukuni, na kwamba sidhani kama nitaitupa. Akatikisa kichwa, akamimina kahawa.

"Iache humo humo," akasema. "Ila Coastal ikicheza na timu isiyo na jina, njoo."

Tangu hapo najitahidi. Si kila mara naweza, kwa maana kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni safari ya kutwa nzima kwa basi ukihesabu na kusimama Segera. Lakini nikipanga likizo, siku hizi natazama kwanza ratiba ya ligi, nikizirusha makusudi zile mechi mbili kubwa, nikitafuta Jumamosi ambayo hakuna mtu atakayeulizia tiketi.