Mzee wa Patasi na Reli za Gololi

Lethi za karakana niliyojifunzia ufundi hazikuwa na gololi hata moja chini ya gari, ile sehemu inayobeba kisu na kutembea juu ya kitanda cha mashine. Chuma kiliteleza juu ya chuma, katikati utando wa mafuta, basi. Asubuhi, kabla ya lolote, mwanagenzi alifuta chenga kitandani, akamwaga mafuta, akalisogeza gari huku na huko mpaka yaenee. Aliyesahau alisemwa na fundi mkuu kabla hajanywa chai.

Gari likilegea, pembeni mwa njia lilimotembea kulikuwa na kabari nyembamba ya chuma. Unakaza skrubu kidogo, ulegevu unakwisha. Na njia zikishalika kwa miaka, aliitwa mzee wa kukwangua. Alipaka rangi ya buluu kwenye bamba lililonyooka, akalisugua juu ya kitanda, akalinyanyua. Buluu iliposhika ndipo palipoinuka. Hapo alipitisha patasi, akatoa unga wa chuma mwembamba kuliko unywele, akapaka tena, akakwangua tena. Siku zilipita hivyo, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza, lethi iliyokwisha kukataliwa ilirudi kazini kwa miaka mingine mingi.

Sisemi ya kale yote yalikuwa mema. Njia zile zilikuwa nzito. Kusukuma gari la kilo 100 juu ya mafuta kulitaka nguvu ya kilo 10 hivi, na ukilisogeza polepole lilikwama, kisha likaruka, kipimo kikaharibika. Juu ya gololi, gari hilohilo halitaki hata kilo moja.

Dawa ilikuwepo zamani, ila haikuwa imetufikia. Marekani, kampuni ya Thomson ilikuwa ikiuza beringi za gololi za kutembea juu ya shafti tangu miaka ya 1940. Mwaka 1972 kampuni ya Kijapani THK ikatoa reli yenye bloki ya gololi inayotembea juu yake. Leo ziko kwenye mashine za kompyuta za kuchonga milango, mashine za leza, hata printa za 3D za vijana, zenye beringi ndogo ya shafti ya milimita 8.

Bloki yenyewe, nakiri, ni kazi ya akili. Gololi zinabeba mzigo zikiwa kati ya bloki na reli. Zikifika mwisho, kifuniko cha plastiki kinazigeuza, zinapita kwenye tundu lililotobolewa ndani ya bloki, zinarudi mwanzo, bila kukoma. Kwenye ncha kuna mpira wa kufuta vumbi na tundu la kupigia grisi. Gololi zikiwekwa kubwa kidogo kuliko nafasi yake, ulegevu hakuna kabisa. Kabari yetu ya skrubu haikuweza hivyo.

Lakini reli hizi hazina subira. Ukizidisha mzigo mara mbili, umri wa bloki unashuka hadi sehemu moja ya nane. Lile tundu la grisi, kwenye mashine nyingi ninazoitiwa, halijawahi kuguswa tangu zitoke kwenye sanduku. Unga wa mbao unaingia, unalewa mafuta, unageuka ugoro. Kisha fundi anaivuta bloki nje ya reli bila kutanguliza kile kipande cha plastiki cha kuzuia gololi, na sakafuni kunasikika mvua: vijana wanatambaa chini ya meza wakiziokota, na moja ikipotea haipatikani tena. Akienda dukani anajibiwa, “Fundi, hiyo haitengenezwi, chukua mpya.” Anachukua, anaivika reli ileile iliyokwisha kuchimbika, na bloki mpya haichelewi kuanza kulia.

Hakuna pa kupitisha patasi. Chuma cha reli kimetiwa ugumu kwa moto hata tupa inateleza juu yake. Mzee wetu angesimama mbele yake mikono mitupu. Na kwa kuwa hakuna anayemwita, hakuna anayemrithi. Wanagenzi ninaokutana nao wanajua kuagiza bloki kwa simu, bamba la buluu hawajaliona.

Basi mwenye mashine ya reli, nunua bomba la grisi leo, na ulitumie kabla bloki haijaanza kulia. Na mwenye lethi ya zamani nyuma ya karakana, usiiuze kwa kilo kwa wanunua chuma chakavu. Mtafute mzee wa patasi aliyebaki mtaani kwenu, umlipe vizuri, na umweke kijana kando yake mpaka kitanda kinyooke.