Mama Alisoma Kibao

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima mkoani Morogoro. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini. Nina cheti cha kazi hiyo. Kila nifikapo darasani huwaambia wanakisomo: "Someni kila mnachokiona. Someni vibao, matangazo na risiti."

Siku moja mimi mwenyewe nilisahau maneno hayo. Nusura nimpoteze mtoto wangu. Nitakueleza habari hiyo kama ilivyotokea.

1. Ahadi ni deni

Mama yangu anakaa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Hulima ndizi, mihogo na pilipili manga. Alipokuwa mtoto hakwenda shule. Miaka ya 1970 baba yake alihudhuria kisomo usiku. Mama ndiye aliyembebea taa ya chemli. Lakini yeye hakuketi darasani. Alibaki nje, mdogo wake mgongoni, akisikiliza watu wazima wakiimba silabi. Mwaka 1977 serikali ilipotaka kila mtoto aende shule, yeye alikwisha kuwa msichana mkubwa, na kazi za nyumbani zilimngoja.

Sasa ana wajukuu, naye yumo darasani. Huu ni mwaka wake wa pili. Anasoma polepole, kwa sauti, kidole kikiwa juu ya herufi.

Mimi nina watoto wawili wanaosoma. Binti ana miaka 9, na mdogo wake wa kiume ana miaka 5. Walisikia kwa wenzao kwamba Dar es Salaam kuna viwanja vya michezo ya maji. Mtu hupanda ngazi, huketi juu ya mtelezo, kisha huteleza hadi bwawani. Kila siku waliniuliza, "Baba, tutakwenda lini?" Niliwaahidi likizo ya Juni 2025.

Mama alipopata habari, alishuka mlimani kwa basi, akapita Mkuyuni na Kiroka hadi mjini Morogoro. Pesa zake za pilipili manga zilikuwa zimefungwa katika pindo la khanga. Alisema, "Na mimi nakwenda. Nauli yangu ninayo."

2. Safari ya treni

Tulisafiri kwa treni mpya ya umeme. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu.

Mama alitaka kufanya hesabu mwenyewe. Watu wazima 2 ni shilingi 26,000. Watoto 2 ni shilingi 13,000. Jumla ni shilingi 39,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 78,000. Alipomaliza alitazama karatasi yake kwa furaha, kisha akaguna. "Fedha hizi ni nyingi," alisema. "Watoto na wafurahi kweli."

Ndani ya treni Mama alianza kusoma. Alisoma kila kitu. Alisoma namba ya kiti. Alisoma neno lililo juu ya mlango wa choo. Tulipofika stesheni ya kwanza alisoma kwa sauti kubwa: "Nge-re-nge-re!"

Abiria waligeuka. Kijana mmoja alicheka. Mimi, ofisa wa kisomo, niliona haya. Niliinama nikamwambia, "Mama, soma kimoyomoyo. Watu wanatutazama."

Hakujibu. Aligeuza uso, akatazama nje.

Treni ilipovuka Mto Ruvu aliwaita watoto dirishani. Aliwaambia, "Mwauona mto huu? Umetoka kwetu milimani. Maji haya yamepita karibu na shamba la bibi yenu." Alisema kweli. Mto Ruvu hupata maji mengi kutoka Milima ya Uluguru, na sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Watoto waliutazama hadi ukapotea nyuma ya miti.

3. Kwenye mabwawa

Tulilala kwa dada yangu. Asubuhi tulipanda daladala hadi kiwanja cha michezo, upande wa bahari. Nililipa kiingilio, tukaingia.

Watoto walisimama kimya. Hawakujua waanzie wapi. Palikuwa na mitelezo mirefu, mingine imenyooka, mingine imejizungusha kama konokono. Palikuwa na bwawa la watoto wadogo. Maji yake yalifika magotini. Katikati yake palikuwa na uyoga mkubwa wa saruji unaomwaga maji kama mvua. Mwanangu wa kiume aliingia chini ya uyoga huo, akapiga kelele za furaha. Binti yangu alipimwa kimo kwenye ubao wenye mistari. Alifika mstari unaotakiwa, akaruhusiwa kupanda mtelezo wa kati.

Mama aliketi kivulini, akatazama maji. Baadaye akaniambia, "Maji haya yote yana rangi moja. Mtu atajuaje pafupi na parefu?"

Nilicheka. Nilimwambia, "Mama, hapa ni mjini. Kila kitu kimepangwa."

Kabla ya saa sita bwawa la watoto lilijaa watu. Mwanangu alikuja akilalamika kwamba wakubwa wanamsukuma. Wakati huohuo dada yake aliniita kutoka juu ya ngazi. Alitaka nimpige picha akiteleza. Mkono mmoja ulishika simu. Kwa mkono wa pili nilimwonyesha mdogo wake bwawa jingine. Nilimwambia, "Nenda kachezee kule. Kule kumetulia, hakuna watu."

Kisha niligeuka kupiga picha.

Ndugu msomaji, jiulize: kwa nini bwawa lile halikuwa na watoto? Mimi sikujiuliza. Pembeni mwa bwawa palikuwa na kibao chenye herufi nyekundu. Nilipita mbele yake mara mbili asubuhi ile. Sikukisoma.

Mama alikisoma.

Nilisikia sauti yake nyuma yangu, kubwa kuliko ile ya ndani ya treni: "Ma-ji ma-re-fu! Ki-na mi-ta mbi-li! Wa-to-to wa-si-i-ngi-e!" Kisha akapiga kelele: "Mtoto! Mtoto yumo!"

Niligeuka. Bwawani sikuona mtu. Niliona maji ya buluu tu, yametulia, na mkono mdogo unaochomoza na kuzama. Hakuna aliyelia. Mtoto hakupiga kelele hata moja.

Mlinzi wa bwawa alisikia sauti ya Mama. Aliruka na nguo zake. Nami nilikimbia, simu ikaanguka. Nilipofika ukingoni, mlinzi alikwisha kumwinua mtoto juu ya maji. Tulimlaza. Alikohoa, akatapika maji, akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Mlinzi alituagiza tumpeleke mtoto kwa mganga hata kama anaonekana mzima. Mtoto aliyemeza maji mengi aweza kupata shida ya kupumua baadaye. Tulikwenda hospitali. Walimpima, wakamwangalia kwa saa kadhaa, wakaturuhusu. Alikuwa salama.

4. Maneno ya usiku

Usiku ule watoto walilala mapema. Mimi sikuweza kulala. Nilimkuta Mama ameketi barazani kwa dada yangu. Nilikaa chini, karibu na miguu yake.

Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilikuaibisha ndani ya treni."

Alinyamaza kidogo. Kisha alisema maneno ambayo sitayasahau.

"Mwanangu, nami nina jambo la kukueleza. Kile kibao nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma kimoyomoyo, kama ulivyoniagiza. Nilikuwa sina hakika. Neno 'wasiingie' ni refu. Niliogopa kukosea mbele za watu, nikakuaibisha tena. Nikasema moyoni, ngoja nirudie polepole. Nilipotazama tena, mtoto alikuwa ameshaingia. Hapo sikujali watu. Nikasoma kwa sauti."

Sikuwa na la kusema. Kati ya kusoma mara ya kwanza na mara ya pili, mwanangu aliingia majini. Aliyeutia woga ule moyoni mwa Mama ni mimi.

Baadaye aliendelea: "Kwetu mtoni nayasoma maji kwa macho. Maji yakiwa meusi, pana kina. Yakipiga mawe, ni mafupi. Yakibadilika kuwa mekundu, mvua imenyesha juu, usivuke. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijaota meno ya pili. Lakini maji ya leo hayasomeki. Yote buluu, chini vigae vyeupe. Pale pana herufi tu. Ningekuja miaka mitatu iliyopita, ningekaa palepale kivulini, nikitazama kibao kama ninavyotazama ukuta."

5. Tuliyojifunza

Tulirudi Morogoro kesho yake. Ndani ya treni Mama alisoma majina ya stesheni zote: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Watoto walisoma pamoja naye kwa sauti. Nami nilisoma. Kama kuna waliocheka, sikuwaona.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuzama majini ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto duniani. Jambo hilo si la mabwawa ya mjini tu. Huku kwetu kuna mito, visima, mifereji ya umwagiliaji na mapipa ya maji uani. Kwa hiyo sasa, nikitembelea madarasa, hufundisha mambo haya pamoja na kusoma:

Kwanza, mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na maji, hata kwa muda wa kupiga picha moja. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwangalizi.

Pili, mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kiko majini, hawezi kuita. Usingoje sauti. Tumia macho.

Tatu, kama hujui kuogelea usijitupe majini. Ita watu. Mrushie anayezama kamba, dumu tupu lililofungwa kizibo, au mnyoshee mti mrefu.

Nne, funika visima na mapipa.

Tano, ukifika mahali pageni, soma vibao kabla ya kufanya jambo lolote. Kama neno ni gumu, lisome kwa sauti, au umwulize mtu. Asiyejua kusoma na anayejua lakini hasomi, wote wawili hupita mbele ya kibao kilekile bila kukiona.

Mwezi uliofuata nililitembelea darasa la Mama, Matombo. Mwalimu alimwita mbele awasimulie wenzake safari yake. Alisimulia treni na mitelezo, watu wakacheka sana. Alipofika kwenye kibao hakusimulia. Alichukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

MAJI MAREFU. WATOTO WASIINGIE.

Akageuka, akawaambia wanakisomo, "Haya, tusome." Darasa lote likasoma kwa sauti. Nilikuwa nimeketi nyuma, kwenye benchi la wanafunzi. Nami nilisoma.

Jumamosi iliyofuata wanakisomo walitengeneza kibao cha mbao, wakakisimika mtoni, mahali watoto wanapochota maji na palipo na kina. Herufi ziliandikwa na Mama. Herufi moja imepinda kidogo, lakini inasomeka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mwandishi aliona haya ndani ya treni? Je, alikuwa na haki?
2. Kwa nini Mama hakusoma kibao kwa sauti mara ya kwanza?
3. Mama huyasomaje maji ya mtoni? Ninyi mnatumia dalili gani?
4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani penye maji ni hatari kwa watoto? Andikeni kibao kinachofaa kuwekwa hapo.
5. Watu wazima 3 na mtoto 1 wa miaka 7 wanasafiri kwa nauli iliyotajwa katika habari hii. Watalipa shilingi ngapi kwenda na kurudi?