Likizo Kisiwani São Tomé: Mambo Yafaayo Kujulikana Kwanza

Watu wengi wakisikia habari ya kisiwa kidogo hudhani kwamba siku mbili zatosha kukimaliza. Huhesabu kilometa, huhesabu fedha, kisha husema: "Tutakizunguka asubuhi, na jioni tutakuwa tumemaliza." Kwa kisiwa cha São Tomé hesabu hiyo haifai. Ni kweli kwamba urefu wake wapata kilometa 50, na upana wake 30 tu. Lakini ndani yake umesimama mlima wenye meta 2,024, na hakuna barabara inayokizunguka chote. Basi, mtu anayetaka kutumia akiba yake kwa kupeleka jamaa huko, na ajue kwanza anakwenda mahali pa namna gani.

NCHI ILIYOZALIWA NA MOTO

Kisiwa hiki kiko katika Ghuba ya Guinea, magharibi ya Gabon. Bioko, Príncipe, São Tomé na Annobón ni ndugu wa damu moja: vyote vimetoka katika mstari mmoja wa milima ya moto, ambao bara una Mlima Kamerun, uliowaka tena mwaka 2000. Sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa maana ya moto huo. Watu wa Goma waliukimbia mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipopasuka. Huko São Tomé moto umezimika tangu zamani sana. Uliobaki ni udongo wenye rutuba, mawe meusi pwani, na vilele vya ajabu.

Kilele cha ajabu kupita vyote ni Pico Cão Grande, kusini ya kisiwa. Ni nguzo ya jiwe iliyosimama wima, zaidi ya meta 300 juu ya msitu. Zamani palikuwa na mlima wa moto, na mawe yaliyoyeyuka yakaganda katika koo lake. Mvua ya miaka mingi ikala mlima wa nje, na koo gumu likabaki peke yake.

MAJIRA YA KWENDA

Milima hiyo ndiyo inayogawa mvua. Upande wa kusini-magharibi hunyesha zaidi ya milimeta 5,000 kwa mwaka. Upande wa kaskazini-mashariki, karibu na mji mkuu, hazifiki 1,000. Kwa hiyo mtu akiona jua mjini asidhani kwamba njia ya msituni ni kavu.

Majira makavu, ambayo wenyeji huyaita gravana, ni tangu Juni hata Septemba. Hayo ni majira mema kwa wanafunzi na walimu, kwa kuwa yakutana na likizo kubwa. Mawingu ni mengi, lakini njia za milimani hupitika kwa urahisi zaidi, na nyangumi wapita karibu na pwani. Lakini anayetamani kuona kasa wa baharini wakipanda mchangani usiku kutaga mayai, huyo angoje miezi ya Novemba hata Februari, na akubali mvua. Hakuna majira yanayompa mtu yote mawili.

VYETI, AFYA NA FEDHA

Kabla ya kulipa nauli, tuulize ubalozi habari ya viza. Atokaye Kongo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Malaria imepungua sana kisiwani, lakini haijakwisha. Chandarua na ushauri wa mganga havikosi kazi. Msituni yuko fira mweusi mwenye sumu kali, asiyepatikana po pote duniani ila São Tomé. Kwa sababu hiyo watoto wavae viatu vya kufunika mguu, na pasiwe na mtu wa kwenda bila kiongozi mwenyeji.

Fedha ya huko ni dobra, iliyofungwa na euro tangu 2010. Lugha ya serikali ni Kireno. Maneno machache ya salamu yatamfungulia mgeni milango mingi.

KUGAWA SIKU

Tukiwa na siku saba, twaweza kuzigawa hivi. Siku mbili za mji: ngome ya São Sebastião, iliyojengwa mwaka 1575 na iliyo leo makumbusho ya taifa, kanisa kuu na soko. Siku moja ya Monte Café, mlimani penye mashamba ya kahawa. Siku mbili za kusini, kuona Cão Grande na kuvuka kwa mashua hata kisiwa kidogo cha Rolas, unapopita mstari wa ikweta. Siku ya sita iwe ya kupumzika pwani, na ya saba iwekwe akiba, kwa maana mvua na bahari hazimtii mgeni. Anayetaka kupanda kilele kikubwa aongeze siku mbili.

Je, Príncipe? Nacho ni kizuri. Lakini ni safari ya kilometa 150 hivi baharini, na mwezi wa Aprili 2019 meli ya abiria ilizama huko na watu wakafa. Asiye na nauli ya ndege afadhali akiache kwa mwaka mwingine.

DENI LA KUKUMBUKA

Tungekosa kama tungesema habari za pwani tu. Wareno walipofika, mnamo mwaka 1470, kisiwa hakikuwa na watu. Wote walioko leo ni wazao wa watu walioletwa, na wengi wao walitoka kwetu. Watumwa wa Kongo na Angola walivushwa bahari kulima miwa. Mwaka 1526 Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo, alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanya biashara wanawateka watu wake, hata wana wa wakuu. Mwaka 1534 jimbo la askofu likawekwa São Tomé, na Kanisa la Kongo likawa chini yake hata mwaka 1596. Basi, kisiwa kile kile kilichotuletea mapadri kilipokea pia watoto wetu katika minyororo. Mwaka 1595 mtumwa mmoja, Amador, aliongoza uasi mkubwa. Leo taifa lamkumbuka kila tarehe 4 Januari.

Miwa ikapita, kakao ikaja. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hiki kidogo kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kakao duniani, kwa jasho la watu wa mkataba ambao mara nyingi hawakurudishwa kwao. Tarehe 3 Februari 1953, huko Batepá, wenyeji waliokataa kazi ya nguvu waliuawa wengi. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Julai 1975.

Majumba ya mashamba hayo, yaitwayo roça, yangaliko, na wageni hupenda kuyapiga picha. Lakini katika nyumba za safu zilizokuwa za wafanyakazi wangali wakikaa watu, pamoja na watoto wao. Si mabaki ya kale. Ni nyumbani kwa mtu. Tubishe hodi kwanza, tusalimu, tuombe ruhusa, tununue samaki na shelisheli kwao. Tukikaribishwa calulu, samaki aliyepikwa kwa majani na mawese, tutaonja chakula kisicho kigeni kabisa kinywani mwetu. Mawese yale yatatueleza ujamaa wetu na watu wa kisiwani kuliko kitabu cha safari.