Filamu Kwanza au Safari Kwanza? Njia ya Mwea Kuelekea Mlima Kenya

Likizo ya Desemba ikikaribia, wazazi wetu wa pwani hutuletea swali ambalo baba zetu hawakuulizwa. Wamekusudia kuwapeleka watoto mahali palipoonyeshwa katika filamu. Je, wawaonyeshe filamu kwanza ndipo wasafiri, au wasafiri kwanza? Mwaka huu swali limetujia kutoka kwa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina ndugu Abu Dhabi, nao wamealikwa huko pamoja na watoto. Nyumba ya pili imeweka akiba ya mwaka mzima ili wafike Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, wauone Mlima Kenya kwa macho yao. Swali ni moja, lakini majibu ni mawili, na twaona si vibaya kueleza hapa kwa nini yametofautiana.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kupambanua asili na tawi kabla ya kutoa hukumu. Kanuni hiyo yafaa hata katika jambo dogo kama hili. Hapana budi mzazi ajiulize: kati ya filamu na mahali, kipi ni asili na kipi ni tawi?

Tuanze na jamaa wa Abu Dhabi. Katika Kisiwa cha Yas kuna bustani ya michezo iitwayo Warner Bros. World, iliyofunguliwa mwaka 2018. Yote imejengwa ndani ya jengo kubwa lenye viyoyozi, na kila pembe yake imetolewa katika filamu na katuni: huku mji wa Batman, kule nyumba ya Tom na Jerry. Mahali hapo hapakuwa na kijiji, wala kisima, wala kaburi la mtu kabla ya filamu hizo kubuniwa. Filamu ni asili, bustani ni tawi. Mtoto asiyemjua Batman ataingia humo aone kuta zilizopakwa rangi nyeusi na kigari kinachokwenda mbio. Atafurahi kwa mbio, lakini hatajua kwa nini wenziwe wanapiga kelele. Kwa hiyo jamaa hao tuliwaambia: mzazi aitazame filamu yeye mwenyewe kwanza, akiona yafaa kwa nyumba yake awaonyeshe watoto, kisha waende. Nauli ya ndege na kiingilio si pesa za mchezo. Afadhali mtoto ajue anachotazama.

Mlima Kenya ni kinyume cha hayo. Mlima ulikuwako, na watu wake walikuwako, kabla ya kamera ya kwanza kufika. Hapa mahali ndipo asili, na filamu ndiyo tawi. Chukueni mfano wa Born Free, filamu ya mwaka 1966 iliyoongozwa na James Hill, juu ya Joy na George Adamson na simba jike wao aliyeitwa Elsa. Filamu hiyo ilitoka katika kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960, na wahusika wakuu waliigizwa na Virginia McKenna na Bill Travers, ambao walikuwa mume na mke kweli. Ni filamu safi, ambayo jamaa yaweza kuitazama pamoja bila ya kufunika macho ya mtu. Sehemu kubwa yake ilipigwa Naro Moru, chini ya mlima. Lakini kisa chenyewe hakikutokea Naro Moru. Elsa aliachiwa porini upande wa Meru, akafa mwaka 1961, na kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Meru. Basi mwenye kuitazama filamu kisha akaenda Meru atatafuta miinuko ya Naro Moru asiione. Na mwenye kwenda Naro Moru atatafuta kaburi asilione.

Desemba iliyopita tulisafiri na jamaa yetu kwenda pande hizo, nasi tulikuwa na watoto wawili walio karibu sawa kwa umri. Mmoja alikuwa ameitazama filamu hiyo kwa shangazi yake, mwengine hakuitazama. Tulipofika Naro Moru asubuhi, yule wa kwanza swali lake lilikuwa, "Baba, simba wako wapi?" Akawa anatazama vichakani, na mlima uko nyuma yake umesimama wazi, theluji yake chache ikimetameta. Yule wa pili aliutazama mlima tu. Ilipokaribia saa nne mawingu yakapanda yakaufunika wote, naye akauliza umekwenda wapi, na mwenye hoteli akamweleza kuwa ndiyo ada yake: mlima huo hujionyesha alfajiri, kisha hujifunika kama bibi mwenye haya, na asiyedamka haupati.

Twapenda haki katika maneno, kwa hiyo hatutasema kuwa aliyetazama filamu hakufaidika. Jioni ndiye aliyeuliza mambo ambayo mwenziwe hakuwa na njia ya kuyauliza: Elsa alizikwa wapi? Wale simba wengine waliotumiwa katika filamu waliishia wapi? Akasikia kuwa baadhi yao George Adamson aliwachukua akawafunza kuishi porini, na kwamba Joy aliuawa mwaka 1980 na George mwaka 1989, mambo ambayo filamu ya 1966 haikuweza kuyajua. Filamu ilimpa ulimi wa kuuliza, lakini kwa asubuhi moja ilimchukulia macho. Ndiyo maana twasema safari itangulie: macho yakishashiba, filamu haiwezi kuyanyang'anya, na ulimi utapatikana baadaye.

Mjini Nyeri jambo hili ni zito zaidi. Wageni wengi huulizia Treetops, ile nyumba ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza mwenye umri wa miaka 25, alilala hapo akitazama wanyama, na usiku huo baba yake akafa Sandringham, Uingereza. Habari ilimfikia mchana, akiwa Sagana Lodge, si Treetops. Mfululizo wa The Crown wa mwaka 2016 umeonyesha kisa hicho, na vijana wetu wengi wamekijua kwa njia hiyo, ingawa si kila sehemu ya mfululizo huo yafaa kwa watoto. Lakini misitu iliyoonekana humo ni ya Afrika Kusini, ndiko ilikopigwa. Na zaidi ya hayo, jengo la Treetops lililoko leo silo alimolala Elizabeth. Lile la kwanza lilichomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, na hili likajengwa mwaka 1957 karibu na dimbwi lile lile la kunyweshea wanyama. Kijana aliyeshiba picha ataingia akitafuta ngazi ya binti mfalme. Asipopata wa kumweleza, ataondoka bila ya kujua kwamba kitu muhimu kuliko vyote mahali hapo ni kile kisichoonekana tena, na kwamba waliokichoma walikuwa na sababu.

Sababu yenyewe iko Mwea. Tumeiweka mwisho, ingawa njiani ilikuwa ya kwanza. Mwenye kutoka Nairobi kwa njia ya Thika hufika Makutano, hapo barabara hugawanyika: moja yaenda Sagana na Karatina, nyengine yaingia Mwea kuelekea Embu. Wenye haraka ya kufika Nyeri huifuata ya Sagana. Sisi tuliifuata ya Mwea hadi mji wa Ngurubani, tukakusudia kupandia Kutus na Kerugoya hadi Karatina, kwa kuwa mama wa nyumba yetu alitaka mchele.

Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuiona Mwea katika sinema, lakini hakuna hata mmoja asiyewahi kuila. Pishori tunayopikia biriani ya harusi na pilau ya Idi, ile ambayo harufu yake humwamsha jirani, aghalabu hutoka katika majaruba haya. Mbegu yake huitwa Basmati 370, na asili yake ni Punjab. Maji hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, iteremkayo kutoka Mlima Kenya, na tangu mwaka 2022 bwawa la Thiba huyahifadhi kwa wakati wa kiangazi. Miche huoteshwa kitaluni, kisha hupandikizwa kwa mkono mmoja mmoja ndani ya tope jeusi. Wavulana hukesha mchana kutwa wakiwafukuza ndege. Na ikifika Novemba na Desemba mpunga huvunwa. Tulipopita, mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya maturubai kando ya barabara maili kwa maili, na mashine za kukoboa zikinguruma mjini. Watoto waliokuwa wamelala garini waliamka wenyewe kwa harufu.

Tulisimama kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa akigeuza mpunga wake kwa reki ya mti. Watoto walimwita Shosho, kama walivyosikia wenyeji wakimwita. Alifurahi kusikia tumetoka Mombasa, akasema mchele wake husafiri kuliko yeye. Mtoto wetu mmoja akamwuliza, "Shosho, huu mfereji ni mto?" Bibi akamjibu kwa upole, "Huu si mto, mjukuu wangu. Huu ulichimbwa na baba yangu na wenzake. Walikuwa wafungwa."

Akasema hayo tu, akarejea kazini. Garini ndipo tulipowaeleza watoto. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, miezi minane baada ya usiku ule wa Treetops. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa kambini bila ya hukumu. Katika uwanda huu wa Mwea zilijengwa kambi kadhaa, na wafungwa wake ndio waliochimba mifereji na kusawazisha majaruba ya kwanza. Walioshikilia msimamo wao walipigwa hadi wavunjike moyo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitoa tamko la kusikitikia mateso ya kambi hizo, ikakubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, kwa wengi wa wenziwao malipo yalichelewa, walikuwa wamekwisha kwenda mbele ya haki. Na uhuru ulipokuja, wakulima wa Mwea waliendelea kwa miaka mingi kuwa wapangaji tu katika vishamba vya ekari nne, wakilazimika kuukabidhi mpunga wao kwa bodi ya serikali, mpaka walipokataa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Watoto walinyamaza. Kisha yule aliyependa filamu akasema, "Basi wakati yule binti mfalme anatazama tembo, hawa walikuwa wanakaribia kufungwa." Twakiri kuwa hatukuwa na la kuongeza. Alifika Nyeri siku ya pili akiwa na habari mbili mkononi badala ya moja, na pale ilipotajwa nyumba iliyochomwa, hakuhitaji kuelezwa ni nani waliokuwa msituni.

Sisi watu wa pwani twapaswa kulifahamu jambo hili haraka kuliko wengine. Wageni hutujia Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu wakiwa wameshaona picha: mlango wa nakshi, punda, mwanamke wa buibui apitaye kichochoroni. Hupita mbele ya watu wazima wenye majina na shida zao wakitafuta picha ile ile ili waipige tena. Twajua uchungu wa kutazamwa hivyo. Basi tusiwafunze watoto wetu kuwatazama watu wa Mlima Kenya kama sisi tunavyotazamwa.

Kwa jamaa wa pili, basi, na kwa kila mwenye nia kama yao, jibu letu ni hili. Safari kwanza, filamu baadaye. Ikiwa watoto wamekwisha kuitazama, hakuna lawama. Wapeni maswali matatu ya kwenda nayo: picha hii ilipigwa wapi hasa? Ni nani waliokuwapo ambao hawakuonyeshwa? Na baada ya filamu kwisha, nini kilitokea? Mtoto mwenye maswali hayo hatafungwa na filamu yoyote.

Piteni Mwea, msiiruke. Mkienda Novemba au Desemba mtaukuta mpunga. Nunueni mchele mashineni, si kwa kila mwenye gunia kando ya njia, maana wako wanaochanganya pishori na mchele wa bei rahisi kutoka nje. Chukueni kiganja cha mchele mkavu mkinuse, pishori ya kweli hunukia kabla ya kuiva. Waonyesheni watoto mfereji, mwambieni mkubwa wao ni nani aliyeuchimba. Naro Moru damkeni kabla ya jua, mlima hausubiri.

Na mkirejea nyumbani, siku mtakayoupika mchele ule, itazameni filamu pamoja, wazazi na watoto. Mtaona wenyewe kuwa watoto hawanyamazi. Watasema: hapa siyo, hapa ni Naro Moru, mlima uko upande huu, hawa waliobeba mizigo ni nani, mbona hawana majina? Wakisema hivyo, akiba yenu ya mwaka haikupotea.

Wabillahi tawfiq.