Samaki Si Ua la Mezani

Bila shaka umewahi kumwona samaki ninayetaka kumzungumzia leo. Ni yule mdogo asiyezidi urefu wa kidole, mwenye mapezi mapana yanayopepea majini kama leso mpya kwenye kamba. Huwa wa buluu, mwekundu au hata mweupe. Katika maduka ya wanyama wa nyumbani hapa Nairobi huwekwa peke yake ndani ya kikombe cha plastiki, na muuzaji humhakikishia mzazi kwamba huyu hana taabu: mtie chupani, mrushie chakula, basi.

Jina lake ni beta. Nimekaa naye kwa miaka miwili sasa, na watoto wangu humwita Jemadari. Mama yangu alipotutembelea kutoka Busia alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu ataliwa lini?" Nikamwambia haliwi. "Haliwi, hauzwi, na kila siku mnamlisha? Basi huyo si samaki. Ni mtoto wenu wa tatu."

Tulicheka, lakini mama alikuwa amesema kweli.

Wanaodai kwamba beta anaweza kukaa chupani hawadanganyi kabisa. Kwao ni Thailand, katika vinamasi na mashamba ya mpunga ambamo maji hutulia na kupungukiwa na hewa. Maumbile yamempa kiungo maalumu karibu na matamvua, ambacho humwezesha kupanda juu na kuvuta hewa tunayoivuta sisi. Ndiyo maana hustahimili maji ambayo yangewaua samaki wengine upesi. Hata hivyo, kustahimili si kuishi. Mtu anaweza kulala kituo cha basi usiku kucha na kuamka akiwa hai, lakini hakuna atakayesema hapo ndipo nyumbani kwake.

Adui wa kwanza wa beta ni uchafu wake mwenyewe. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu ambayo huwezi kuiona hata maji yawe maangavu namna gani. Katika tangi lenye kichujio, bakteria wenye manufaa huigeuza sumu hiyo, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuzaana vya kutosha. Kwa hivyo tayarisha tangi mapema, kabla hujamleta mgeni. Lisipungue lita 10. La lita 20 ni bora zaidi. Kila wiki badilisha kiasi cha robo ya maji, wala usiyamwage yote kwa pamoja, maana mabadiliko ya ghafla humdhuru. Maji ya mfereji yana klorini. Yatie kwanza dawa ya kuiondoa inayouzwa madukani.

Adui wa pili ni baridi. Beta ni samaki wa nchi ya joto, na hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wewe unayeishi Nairobi unaijua Julai yetu, ambapo hata mtu mzima hunawa uso kwa kusitasita. Nunua kifaa cha umeme cha kupasha maji joto pamoja na kipimajoto. Stima zikipotea, lifunike tangi kwa blanketi, lakini uache nafasi ya hewa juu. Mfuniko nao ni lazima siku zote, kwa kuwa samaki huyu hodari wa kuruka anaweza kuishia sakafuni.

Kuhusu chakula, jua kwamba beta hula nyama. Makombo ya ugali na mkate si yake. Mpe punje chache za chakula chake asubuhi na jioni, zile anazozimaliza mara moja. Watoto hupenda kumlisha kila wanapopita, nao wazuiwe kwa upole.

Usiwaweke madume wawili pamoja, watararuana. Watu wa Thailand humwita "samaki aumaye", na kwa muda mrefu walimfuga kwa ajili ya mapigano. Mwaka wa 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Lakini mpiganaji huyu ni baba wa kupigiwa mfano. Hujenga kiota cha povu juu ya maji, huyaokota mayai kwa kinywa na kuyaweka humo, kisha huyalinda mwenyewe. Akina baba wa Jumapili gazetini, mmesikia?

Huenda ukasema, haya yote kwa ajili ya kisamaki? Nikueleze niliyoyaona katika jumba tunamoishi. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 7, aliletewa beta katika chupa ya jemu. Baada ya wiki chache akamkuta amekufa. Alilia hadi kwikwi. "Nyamaza, ni samaki tu," akaambiwa. "Jumamosi tutanunua mwingine." Wakanunua, na huyo naye akafa. Wakanunua wa tatu.

Wa tatu alipokufa, mtoto hakulia. Alimmwaga chooni na kurudi kwenye televisheni.

Msomaji, hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kufa kwa samaki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na walikuwa wakisema juu ya watoto wetu. Anayezoea kwamba uhai unaoharibika hununuliwa mwingine dukani atakuwa mtu wa namna gani kwa nyanya yake akiugua, au kwa mdogo wake?

Beta aliyetunzwa vyema anaweza kuishi miaka mitatu au zaidi. Kabla hujatoka dukani na kikombe mkononi, keti na jamaa yako mkubaliane nani atabadilisha maji, nani atalisha, na nani atabaki naye mkisafiri mashambani Desemba. Mkikosa wa kujitolea, msione haya. Nunueni ua la plastiki, mliweke mezani.